Kupoteza fahamu, degedege, kifafa na sukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ndugu wa wagonjwa, Mtwara na Lindi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa: yule anayeshika kadi, anayejibu maswali ya daktari, kisha anapiga simu nyumbani kueleza. Mimi ni tabibu, si bingwa wa ubongo, na maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wa Mikindani, Masasi, Newala, Nyangao, Ruangwa na kwingineko kusini. Jambo moja litajirudia humu: tuambieni mlichokiona. Jina la ugonjwa tutalitafuta.

Kwenye karatasi ya rufaa wameandika AMS. Ndiyo kusema ndugu yetu kawa kichaa?

Hapana. Herufi hizo zina maana kwamba hali yake ya fahamu imebadilika, haiko kama siku zote. Hazitaji sababu. Mgonjwa anaweza kuwa macho lakini hajui yuko wapi. Anaweza kupayuka maneno yasiyoshikana. Anaweza kusinzia, ukimwita anafumbua macho, ukinyamaza analala tena. Au asiitike hata akifinywa. Wote hao wataandikiwa herufi zilezile.

Na mara nyingi chanzo hakiko kichwani. Sukari, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, upungufu mkubwa wa damu au wa hewa, figo au ini kushindwa kazi, pombe, sumu, kiharusi, kuumia kichwa baada ya ajali ya bodaboda: vyote hivyo huvuruga fahamu, na vingi vinatibika mgonjwa akiwahishwa. Ugonjwa wa akili nao umo, ila tunaufikiria baada ya kuyaondoa hayo mengine. Mtu aliyekuwa mzima juzi, akauza korosho zake na kuhesabu hela bila tatizo, leo hamjui mkewe, huyo ni mgonjwa wa dharura mpaka vipimo viseme vingine.

Kuzimia, kuzirai, kupoteza fahamu, koma: ni kitu kimoja?

Mitaani tunayachanganya, na si kosa. Wodini tunatofautisha kwa muda na kwa namna mtu anavyozinduka. Aliyezimia au kuzirai ni yule ambaye damu ilipungua kwenda kichwani kwa muda mfupi: kasimama juani mnadani, hajala, au kapokea habari ya msiba. Akilazwa chini anazinduka ndani ya dakika moja au mbili, na akizinduka anajijua. Koma ni mtu asiyeamka hata akiumizwa. "Amezimia tangu asubuhi" si kuzimia tena.

Kwa hiyo ukiulizwa, usiseme "alizimia" ukanyamaza. Sema ilichukua muda gani, na alipozinduka alikuwaje.

GCS 9/15 ni maksi za nini?

Ni kipimo cha fahamu kilichobuniwa Glasgow, Scotland, mwaka 1974. Huangalia mambo matatu: mgonjwa anafumbua macho vipi (alama 4), anajibu vipi kwa maneno (alama 5), na anasogeza viungo vipi akiamriwa au akiumizwa (alama 6). Mtu mzima anayejitambua ana 15. Ya chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. Kuanzia 8 kushuka tunaita koma.

Alama moja peke yake haina habari kubwa. Kinachotushtua ni kushuka: saa 2 asubuhi alikuwa na 13, saa 6 mchana ana 10. Ndiyo maana nesi anarudi kumwita na kumfinya mgonjwa wenu, na si kwamba anamsumbua.

Mtoto ambaye hajajua kusema hapimwi hivyo. Kwake hutumika kipimo cha Blantyre, kilichotoka kwa majirani zetu wa Malawi kwa ajili ya watoto wenye malaria ya kichwani. Hicho kinaishia 5, na sifuri ipo.

Kwa nini mnamtoboa kidole kwanza, wakati hana kisukari?

Kwa sababu ubongo unaishi kwa sukari ya damu na hauna ghala lake la maana. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupigana, kulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi, kupata mtukutiko (viungo kujitupatupa bila kujizuia) wa mwili mzima kama mwenye kifafa, au kulala asiamke. Sura zote hizo, chanzo kimoja, na kipimo chake hakimalizi dakika moja. Tukichelewa, ubongo unaweza kubaki na kilema.

Halafu si wenye kisukari tu wanaoshukiwa na sukari. Mtoto mwenye malaria kali hushukiwa, na mikoa yetu ya kusini bado ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Mtoto mwenye utapiamlo hushukiwa. Aliyekunywa gongo au nipa usiku kucha bila kula hushukiwa, maana ini lililoshughulishwa na pombe haliwezi kutengeneza sukari inavyotakiwa. Kwinini ya sindano, iliyotumika sana kabla ya atesuneti (tiba ya sasa ya malaria kali), nayo ilikuwa inaishusha.

Niwape mfano. Msimu wa kupulizia mikorosho aliletwa mzee mmoja kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya vijana wawili. Vijana wakasema: kalewa, tumemkuta chini ya mkorosho anagombana na miti. Shati limelowa jasho, na jasho lenyewe la baridi. Macho yanatazama lakini hayamfuati mtu. Binti yake alifika nyuma yao akihema, akasema maneno ambayo yalitusaidia kuliko kitu chochote: "Baba hanywi. Ana sukari. Leo kameza vidonge vyake alfajiri, hajagusa hata chai, akasema atakula akirudi." Kipimo kikasoma 1.8, chini mno. Akapewa sukari ya mshipani. Dripu haijafika nusu, akaketi na kuuliza mfuko wake wa salfa kaubeba nani.

Sukari imeshuka, sukari imepanda: namba zipi ndizo zipi?

Mashine zetu nyingi husoma kwa milimoli kwa lita, inayoandikwa mmol/L. Mashine nyingine, hasa za kuletewa na ndugu kutoka nje, husoma kwa miligramu (mg/dL). Ukikuta 180, usipige kelele. Gawanya kwa 18, unapata 10.

Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, chini ya 3.9 ni sukari imeshuka, na hapo anywe kitu cha sukari. Chini ya 3.0 ni hatari ya kweli. Upande wa juu, kisukari hutambuliwa kwa kipimo cha kabla ya kula cha 7.0 au zaidi, au kipimo cha wakati wowote cha 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili zake: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua mwili. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kupewa jina hilo. Kwenye kadi, RBG ni ile ya wakati wowote na FBG ni ile ya kabla ya kula.

Mashine ikiandika HI, si salamu. Maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kuhesabu, mara nyingi zaidi ya 33. Ikiandika LO, imeshuka chini ya uwezo wake. Yote mawili ni safari ya hospitali sasa hivi, na LO uanze na sukari pale pale ulipo.

Sukari ikimshukia nyumbani, tufanye nini?

Kama yuko macho na anaweza kumeza: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida (soda isiyo na sukari haifai kitu hapa), au juisi, au asali. Subiri dakika 15, pima tena kama una mashine, rudia kama bado. Akipata nafuu ale chakula chenyewe, ugali au viazi au ming'oko, ili isishuke tena baada ya saa moja. Chokoleti na korosho hazifai kuanzia, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Kama hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu. Mtoto asiyeamka, wakati mnatafuta usafiri, anaweza kuwekewa kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kidogo kwa maji chini ya ulimi, na kurudiwa kila dakika 20. Hiyo ni njia inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pale ambapo dripu haipatikani mara moja.

Huna mashine na hujui imeshuka au imepanda? Kama anameza, mpe sukari. Iliyoshuka huua kwa haraka zaidi, na iliyopanda haitaharibiwa sana na glasi moja.

Tahadhari kwa wanaotumia glibenklamaidi: kidonge hiki cha kushusha sukari hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Mgonjwa anaweza kuamka, mkafurahi, mkaondoka, na jioni akaanguka tena. Mkubali alazwe. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Ananuka kama matunda yaliyochachuka, majirani wanasema kanywa uraka.

Msimu wa mabibo hilo ni jambo rahisi kuamini. Lakini mwili uliokosa insulini huanza kuchoma mafuta, na uchafu wake uitwao ketoni hutoka kwa pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mtu huyo anahema kwa kina na kwa kasi hata akiwa amelala, anatapika, tumbo linamuuma, mdomo umekauka, anakojoa sana, kisha anaanza kusinzia. Kwenye kadi huandikwa DKA. Huwapata zaidi watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, na wengine ndiyo mara ya kwanza wanagundulika nacho. Kijana wa shule aliyekonda ndani ya wiki chache, anayeamka usiku mara 4 kukojoa, apimwe sukari leo, asisubiriwe mpaka anuke.

Mwenye insulini asiiache kwa sababu anatapika na hawezi kula. Hilo ndilo kosa linalowaleta wengi. Apime, aendelee na insulini kwa maelekezo ya kliniki, na aje.

Kwa wazee wenye aina ya pili sura ni nyingine: sukari inapanda siku baada ya siku, maji yanaisha mwilini, mzee anakuwa mzito wa akili, na familia inasema "uzee tu". Mara nyingi nyuma yake kuna kidonda cha mguu au nimonia.

Hatuna friji. Insulini itakaa wapi?

Kwenye chungu cha udongo chenye maji au mchanga wenye unyevu, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kivulini. Chupa iliyofunguliwa itumike ndani ya wiki 4 hivi. Isikae karibu na jiko, wala kwenye boksi la pikipiki, wala isigande.

Degedege ni ugonjwa gani hasa?

Ni jina la kile mnachokiona: mtoto mwenye homa anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inatupwatupwa, povu linatoka. Pwani yetu yote imelihusisha na ndege au mdudu wa usiku aliyepita juu ya nyumba, au shetani, na ndiyo maana watoto wengi walipelekwa kwanza kufukizwa moshi na kupakwa dawa za miti. Simcheki anayeamini hivyo. Mtoto mzima jioni, usiku anafanya vile, mzazi yeyote atatafuta kilichomwingia.

Kwa daktari, degedege ni mlango wenye vyumba vingi nyuma yake. Kuna mtukutiko wa homa wa kawaida, unaowapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5: mwili mzima, chini ya dakika 15, mara moja ndani ya saa 24, na baada yake mtoto anazinduka na kumtambua mama. Huo unatisha, lakini hauharibu ubongo. Kuna malaria ya kichwani: mtukutiko unaisha na mtoto hazinduki, nusu saa imepita bado hajitambui. Kuna homa ya uti wa mgongo: shingo imekakamaa, au kwa mtoto mchanga utosi umevimba, na analia akishikwa. Na kuna sukari iliyoshuka, tena mara nyingi pamoja na malaria yenyewe.

Kwa macho ya nyumbani huwezi kuvitofautisha vyote hivyo kwa uhakika, na hata sisi hatuwezi bila kipimo. Kila degedege ni ya kufikishwa kituoni siku hiyohiyo, hata mtoto akiwa ameamka na anacheza.

Ni kweli mwenye degedege akichomwa sindano anakufa?

Si kweli. Tunajua neno hilo lilikotoka. Watoto walipelekwa kwanza kwingine, wakafika hospitali siku ya pili au ya tatu wakiwa hoi, wakachomwa sindano, wakafa. Ikaonekana sindano ndiyo iliyoua. Atesuneti ya sindano ndiyo tiba ya malaria kali, na kwenye zahanati za mbali dawa hiyo ipo pia ya kuweka njia ya haja kubwa kabla ya rufaa. Dawa ya kukata mtukutiko, diazepamu, nayo mara nyingi hupitishwa njia hiyohiyo kwa mtoto, kwa sababu kutafuta mshipa kwenye mkono unaorukaruka ni kupoteza muda. Mama asishangae.

Degedege imemrudia mara ya pili. Ndiyo kifafa hicho?

Mara nyingi hapana. Karibu mtoto 1 kati ya 3 waliopata mtukutiko wa homa huupata tena kwa homa nyingine, na wengi wao huacha wakifika miaka 5 au 6. Kifafa tunakisema pale mitukutiko inapokuja yenyewe, bila homa, bila sukari kushuka, bila sababu ya papo hapo, angalau mara 2 zilizopishana zaidi ya saa 24.

Kifafa kinaambukiza? Je, povu lake?

Hakiambukizi. Povu ni mate, mkojo ni mkojo. Kumshika aliyeanguka, kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja, hakuna kinachohama.

Kifafa ni seli za ubongo kurusha umeme kwa pamoja, nje ya utaratibu. Zikirusha zote, mtu anaanguka na kutukutika. Zikirusha za sehemu moja, mkono mmoja tu unacheza, au mtu anatafunatafuna na kushikashika nguo zake bila kujua. Kwa watoto wa shule kuna aina ya kuzubaa kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku. Mwalimu anamwadhibu kwa utoro wa akili kumbe ni kifafa. Chanzo kinaweza kuwa kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwani ya utotoni, ajali, kiharusi, lava (minyoo wachanga) wa tegu wa nguruwe waliofika kwenye ubongo, au urithi. Wengi hatupati chanzo, na dawa inafanya kazi vilevile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Mahenge, Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alikuta wagonjwa wa kifafa wametengwa na wana makovu ya moto, kwa sababu walianguka jikoni na watu waliogopa kuwavuta. Makovu hayo tunayaona mpaka leo huku kwetu. Jiko la mafiga matatu ndilo adui mkubwa wa mwenye kifafa kuliko kifafa chenyewe. Baada yake ni maji. Mwenye kifafa kisichotulia asivue peke yake, asioge baharini bila mtu, asipande mnazi, asiendeshe pikipiki.

Mtu akianguka mbele yetu, tufanye nini?

Tazama saa. Ndilo la kwanza, na ndilo linalosahaulika; dakika 1 ya mtukutiko huonekana 10. Ondoa vitu vya hatari pembeni yake, moto hasa. Weka kitenge au shati chini ya kichwa. Legeza kola au mtandio. Mtukutiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka ajitambue, maana atazinduka akiwa na aibu na maumivu ya kichwa, na huenda asikumbuke lolote.

Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni: meno yanavunjika, na ulimi haumezwi. Usimnusishe kitunguu, kiatu wala mafuta ya taa. Usimpe maji kabla hajajitambua vizuri.

Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, au ana kisukari, au ameangukia majini, kimbiza hospitali.

Katumia dawa za kifafa miezi 3, hajaanguka tena. Aache?

Asiache. Hajaanguka kwa sababu anameza. Kukatisha fenobabitoni au kabamazepini ghafla kunaweza kuleta mitukutiko mfululizo isiyokatika, na hiyo inaua. Kufikiria kupunguza dawa huanza baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, tena polepole, na mwamuzi awe daktari. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba aulize kuhusu valproati, dawa nyingine ya kifafa, kabla hajaanzishiwa, kwani ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni.

Na kifafa cha mimba?

Jina limekopwa, ugonjwa ni mwingine. Huja kwa presha ya ujauzito, baada ya wiki 20, wakati wa kujifungua au siku za baada yake. Hutanguliwa na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba uso na mikono. Presha ya 140/90 kwenda juu kwa mjamzito haiachwi. Tiba ya mtukutiko wake ni magnesiamu salfeti. Usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga huitwa bure kwa namba 115 ya m-mama. Iandikeni ukutani.

Wazee wanasema amepandwa. Tutajuaje kama ni majini au ni ugonjwa?

Hospitali haina kipimo cha majini, ina cha sukari. Kuanzia hapo tunaelewana na wazee wengi. Kisomo au maombi hakuna anayeyakataza, yafanyike hata kando ya kitanda, ili mradi hakuna kuchelewesha, kumfunga kamba, kumpiga wala kumnywesha kitu.

Ipo pia mitukutiko ambayo si ya kifafa, inayoletwa na mzigo wa moyo: binti kalazimishwa ndoa, mama kafiwa. Mara nyingi macho huwa yamefumbwa kwa nguvu, mwili unacheza na kutulia kwa muda mrefu. Huyo haigizi. Naye ana tiba yake, ambayo ni mazungumzo zaidi kuliko vidonge.

Bibi anachanganyikiwa usiku tu, mchana ana nafuu. Ni uzee?

Kama imeanza ndani ya saa au siku chache, na inapanda na kushuka, si uzee. Tafuteni maambukizi ya mkojo, nimonia, maji kupungua mwilini, sukari, dawa mpya aliyopewa, haja kubwa iliyokwama. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka, na bibi anabaki macho.

Mwenye kisukari anaweza kufunga Ramadhani?

Baadhi wanaweza, baadhi hapana. Wa aina ya kwanza, mjamzito mwenye kisukari, na aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka miezi ya karibuni wanashauriwa wasifunge. Wengine waje kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, dozi zipangwe upya kwa futari na daku. Kumeza dozi ya asubuhi wakati wa daku kisha kushinda njaa ndiyo njia ya kuanguka alasiri. Ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapohapo hata kama adhana iko karibu. Kutoboa kidole kupima, masheikh wengi husema hakubatilishi, na kama una shaka muulize wako mapema.

Shambani kuna dawa za mikorosho, nyumbani muhogo. Vinaweza kuleta hali hizi?

Vyote viwili. Baadhi ya viuatilifu vya wadudu hufanya mate na jasho kumwagika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kubana, kisha mtukutiko na koma. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mje na chupa yenye lebo. Msimnyweshe maziwa, msimtapishe. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, hasa mwaka wa njaa, huleta kizunguzungu, kutapika na kupoteza fahamu saa chache baada ya kula, tena kwa watu kadhaa wa nyumba moja. Mkija, mseme mlikula nini wote.

Tukija hospitali, tuje na nini?

Vidonge vyote anavyotumia, na pakiti zake, hata vya mitishamba. Kadi ya kliniki. Saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Kwa kiharusi na sukari hiyo saa ina thamani. Alikula nini na lini. Mtukutiko ulianzia mkono gani, macho yalielekea upande upi, ulichukua dakika ngapi. Kama kuna mtu mwenye simu ya kamera, arekodi nusu dakika. Si udhalilishaji ikiwa video inaishia kwa daktari na haitembei kwenye magrupu.

Msisubiri mjomba afike kutoka Tandahimba ndipo mgonjwa aondoke. Najua kwetu neno la mjomba lina uzito, na ruhusa ya upasuaji tunaweza kumngoja kwa simu, lakini kutoboa kidole na kuweka dripu hakumhitaji. Akutane nasi njiani.

Na aje yule aliyekuwepo mgonjwa alipoanguka, hata kama ni mtoto wa miaka 10. Mara nyingi huletwa watu wazima watano wenye heshima zao ambao hakuna hata mmoja aliyeona, na aliyeona kaachwa nyumbani analinda kuku.